Daktari Adrien Atiman, Mganga na Mwalimu wa Dini wa Karema



Katika siku hizi za yubile tunahesabu neema tulizopokea, na tunataja majina ya wale waliotutangulia. Kwa kawaida tunaanza na maaskofu na mapadri, kisha masista, kisha waalimu wa dini wa kwanza. Ni vema. Lakini Kanisa la kandokando ya Tanganyika lilijengwa pia na mikono iliyofunga vidonda, na mikono hiyo mara nyingi hatuitaji. Kwa hiyo tumeona inafaa kueleza katika kitabu hiki maisha ya mlei mmoja aliyefanya kazi ng'ambo ya ziwa letu, huko Karema, kwa muda wa miaka 67. Jina lake ni Adrien Atiman. Alikuwa mganga na mwalimu wa dini pamoja. Hakuzaliwa huku. Alifika akiwa mgeni kabisa, na alizikwa akiwa mzee wa inchi.

I. Mtoto aliyeibwa

Atiman alizaliwa karibu na mwaka wa 1866, penye mto Niger, upande wa Timbuktu, katika inchi inayoitwa leo Mali. Alipokuwa bado mtoto mdogo, wezi wa watu walimkamata, wakamtenga na wazazi wake na ndugu zake. Hakuwaona tena. Alipelekwa na msafara wa biashara kupita jangwa la Sahara, njia ambayo kwa miaka mamia watumwa waliipita kwa miguu, na wengi walibaki humo, mifupa yao ikawa alama ya njia.

Mwaka wa 1876, kusini mwa Aljeria, Mapadri Weupe walimkomboa kwa fedha. Tuelewe vizuri jambo hili. Shirika la Mapadri Weupe lilianzishwa huko Aljeria mwaka wa 1868 na Askofu Mkuu Charles Lavigerie, ambaye baadaye alifanywa Kardinali. Wakati ule walikuwa wakiwakomboa watoto watumwa, wakiwalea na kuwafundisha. Mtoto aliyekombolewa alikuwa huru, lakini hakuwa na ukoo, wala kabila, wala lugha ya mamake ya kusema na watu. Hakuna aliyeweza kumrudisha kwao. Alikuwa na uhai wake tu, na wale waliomlea. Atiman aliwekwa shule, akajifunza dini na masomo, akabatizwa, akachukua jina la Adrien.

II. Masomo ya Malta

Kardinali Lavigerie alikuwa na wazo moja alilolishika kwa nguvu: Afrika itageuzwa na Waafrika wenyewe. Aliwaamuru mapadri wake kusema lugha ya watu, kula chakula cha watu na kuvaa mavazi yanayofanana na ya watu. Lakini aliona pia kwamba mgeni kutoka Ulaya, hata akisema lugha vizuri, hataingia katika nyumba zote. Akafikiri: kwa nini tusiwafundishe vijana Waafrika uganga, ili waende katikati ya Afrika wakiponya miili, na kwa njia hiyo wafungue mioyo ipokee Injili? Vijana hao aliwaita waganga-wakatekista.

Ndiyo sababu mwaka wa 1881 alifungua nyumba ya masomo katika kisiwa cha Malta, kati ya Ulaya na Afrika. Lugha ya Wamalta ni ya ukoo mmoja na Kiarabu, ambayo vijana waliokulia Aljeria waliisikia vizuri. Tena Malta ilikuwa na universite ya zamani iliyofundisha uganga. Adrien Atiman alikuwa mmoja wa vijana waliotumwa kule. Alisoma miaka mingi, akapata diploma yake mwaka wa 1888.

Mwaka huo haukuwa mwaka kama mingine. Mwezi wa tano Papa Leo wa 13 aliwaandikia maaskofu wa Brazil barua kubwa ya kuhukumu utumwa, na mwezi ule ule Kardinali Lavigerie alisimama mbele yake Roma pamoja na Waafrika waliokombolewa. Mwezi wa saba, huko Paris, Kardinali alianza kuhubiri hadharani juu ya biashara ya watu, na sauti yake ikasikika Ulaya nzima. Wakati watu wa Ulaya walipokuwa wakisikiliza hotuba hizo, kijana Atiman, aliyeyajua mambo hayo kwa mwili wake mwenyewe, alikuwa akifunga mizigo yake. Alikuwa na umri wa miaka 22 hivi.

III. Safari ya kwenda ziwani

Walifika Zanzibar kwa meli, wakavuka bara, wakaanza kutembea. Wakati ule hapakuwa na reli. Treni ilifika Kigoma mwaka wa 1914 tu. Msafara kutoka pwani mpaka ziwani ulichukua miezi, kwa jua na kwa mvua, na kila sanduku la dawa lilibebwa kichwani na mpagazi. Tena mwaka ule wa 1888 vita vilianza pwani kati ya wenyeji na Wadachi, na njia hazikuwa na salama. Mtoto aliyevushwa jangwa kwa nguvu sasa alivuka nusu ya bara kwa hiari yake. Alifika Karema mwaka wa 1889.

Karema ni mahali gani? Iko kwenye ukingo wa mashariki wa Tanganyika, katika inchi ya Wabende. Mwaka wa 1879 Kapteni Cambier, Mbelgiji, alijenga kituo pale kwa niaba ya Shirika la Kimataifa la Afrika. Mwaka wa 1883 Kapteni Storms alijenga kingine upande wetu, huko Mpala. Mwaka wa 1885 Mfalme Leopold wa 2 aliwaachia Mapadri Weupe vituo vyote viwili. Hivyo Karema na Mpala ni kama mapacha, mmoja mashariki, mmoja magharibi, na ziwa katikati yao. Wazee wetu wa Mpala na Kirungu wanajua jina la Kapteni Joubert, aliyefika Mpala mwaka wa 1887 ili kuwalinda watu na wawinda watumwa, na aliyebaki kwetu mpaka kufa kwake mwaka wa 1927. Upande huu pia Joseph Gatchalla, aliyesoma Malta kama Atiman, alifanya kazi ya mganga-mkatekista. Mambo tunayoyaeleza juu ya Karema ni sehemu ya historia yetu wenyewe.

IV. Mgeni mbele ya wagonjwa

Sasa tunafika penye kiini cha habari yetu. Atiman alikuwa na diploma kutoka universite ya Ulaya. Lakini huko Karema, mwaka wa 1889, nani angeisoma? Karatasi ile haikuwa na nguvu hata kidogo mbele ya mama aliyemshika mtoto mwenye homa. Mama huyo aliona kitu gani? Aliona kijana mweusi kama yeye, lakini asiye wa ukoo wowote unaojulikana, asiyejua lugha ya Wabende, anayekaa na Wazungu, na anayeshika visu vidogo na chupa zenye maji machungu. Katika inchi iliyosumbuliwa na wawinda watu, mgeni wa namna hiyo anaogopwa. Ugonjwa nao, kwa mawazo ya watu, haukuwa jambo la mwili tu. Watu walitafuta nani ameuleta. Mtu mwenye uwezo wa kuponya alihesabiwa kuwa na uwezo wa kuua pia.

Kwa upande mwingine, inchi ilikuwa na waganga wake, walioheshimiwa tangu babu. Walijua miti na mizizi, walijua jamaa za wagonjwa na ugomvi wao. Mgonjwa kumwacha mganga aliyezaliwa naye na kwenda kwa mgeni si jambo dogo. Mgeni akishindwa mara moja tu, habari inafika kijiji cha tatu kabla ya jua kuchwa.

Basi Atiman alifanya nini? Hakuwa na njia ya mkato. Alijifunza kusema na watu. Alipokea aliyekuja, mchana au usiku, mkristo au asiye mkristo. Alizunguka vijiji kwa miguu. Vidonda, ambavyo kila mtu anaviona, vilikuwa hakimu wake wa kwanza. Homa inaweza kuisha yenyewe, na mtu akasema mizimu imeridhika. Lakini mguu uliooza, ukasafishwa kila siku kwa majuma mawili, ukafungwa kitambaa safi, kisha ukapona, huo ni ushahidi unaotembea njiani. Watu wanamwona mwenye mguu akirudi shambani, na wanauliza nani aliyemtunza.

Katika miaka hiyo vidonda vilikuwa vingi mno. Wale wadudu wanaoingia katika vidole vya miguu, wanaoitwa funza au tekenya, hawakuwa wa kwetu tangu zamani. Waliletwa kwa meli kutoka Brazil mpaka pwani ya Angola mwaka wa 1872, wakapanda kwa njia za misafara kupitia Kongo, wakafika maziwa makubwa. Watu hawakuwajua wala hawakujua kuwatoa. Wengi walipoteza vidole, wengine walikufa kwa vidonda vilivyooza. Pamoja na funza palikuwa na buba, ndui, tumbo la kuhara damu, malaria, majeraha ya vita na ya wanyama wa porini. Mganga wa Karema alikuwa peke yake, mwenye masanduku machache ya dawa yaliyotoka mbali kwa miezi mingi. Yalipokwisha, alipaswa kungoja.

Hapo tunaona hekima yake. Hakuidharau elimu ya wenyeji. Alitumia dawa za Ulaya, naye pia alitafuta kujua dawa za miti zilizotumiwa na watu wa inchi. Mwenye diploma angeweza kuwacheka wazee wenye mizizi. Yeye hakufanya hivyo, kwa sababu lengo lake lilikuwa mgonjwa apone. Ukimheshimu mwenzako wa kazi, hata kama hakusoma ulikosoma, watu wanaona, na wanaanza kukuheshimu nawe. Tena ukimwuliza mtu anachokijua, unamwonyesha kwamba hukuja kumtawala.

Alikuwa pia mwalimu wa dini. Wengine wa siku hizi wanaweza kuuliza kama kazi hizi mbili hazikuchanganyika vibaya, dawa zikiwa kama mtego wa kuvuta watu katika Kanisa. Ni swali la haki, na tunapashwa kulijibu. Mtego hukamata mara moja, kisha watu wanaujua na kuukwepa. Kama watu wa Karema wangeona kwamba dawa inatolewa kwa bei ya ubatizo, wangechukua dawa na kuondoka, na baada ya miaka michache hakuna angemsadiki mganga wala mwalimu. Lakini walimsadiki miaka 67. Hiyo inatufundisha kwamba aliponya kwa sababu mgonjwa alikuwa mgonjwa, na alifundisha kwa sababu alisadiki mafundisho yake. Walioona kazi ile ya kwanza wenyewe waliuliza juu ya ile ya pili.

V. Mke wake na mtoto wake

Atiman alioa huko huko. Mke wake aliitwa Agnes Wansahira, mwanamke wa inchi ile ya Wabende. Jambo hili lilikuwa na maana kubwa kuliko tunavyofikiri. Mtumwa ni mtu asiye na ndugu. Kwa ndoa yake Atiman alipata wakwe, mashemeji, na mahali pa kuketi katika mabaraza ya wazee. Hakuwa tena mtu wa Wazungu tu. Alikuwa mume wa binti yao na baba wa mjukuu wao.

Mtoto wao Joseph aliingia seminari, akapata upadri mwaka wa 1923. Upande wetu wa ziwa tulikuwa tumekwisha kuona Stefano Kaoze akipadrishwa huko Baudouinville mwaka wa 1917, padri wa kwanza Mkongo wa nyakati hizi mpya. Katika miaka michache, basi, mashariki na magharibi ya Tanganyika, wana wa Afrika walisimama altareni. Tunaweza kuwaza siku ile Karema: mtu aliyeibwa mtoto, asiyeweza kujua hata kaburi la baba yake liko wapi, anapiga magoti kupokea baraka ya mwana wake wa damu.

VI. Mganga chini ya serikali tatu

Serikali zilibadilika, mganga alibaki. Alipofika, Wadachi walikuwa wakianza kuishika inchi. Vita vya 1914 vilipolipuka, ziwa letu likawa uwanja wa vita. Mwaka wa 1916 askari wa Kongo walivuka, wakaingia Kigoma, wakafika mpaka Tabora mwezi wa tisa. Babu wa wengine kati yetu walikuwa askari au wapagazi katika vita vile. Baadaye Waingereza walipewa inchi, nayo ikaitwa Tanganyika. Bendera tatu zilipita. Kila mara walikuja wakubwa wapya, wenye lugha mpya na sheria mpya, na kila mara watu wa Karema walipougua walikwenda mlango ule ule.

Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa wa malale ulishuka juu ya Tanganyika, pande zote mbili. Wazee wetu walisimulia jinsi vijiji vizima vya pwani vilivyohamishwa ili watu waachane na mbung'o, na mashamba yakarudi kuwa pori. Dawa za wakati ule zilikuwa hafifu na za hatari. Ile iliyoitwa atoksili iliweza kumpofusha mgonjwa. Katika taabu ya namna hiyo watu hawakimbilii kila mtu mwenye sindano. Serikali ilipotaka kuwapima watu, wengi walijificha porini, kwa kuwa hawakuwajua wale waliokuja kuwapima. Hapo inaonekana thamani ya mganga anayejulikana, aliyemzalisha au kumtunza mama ya mgonjwa, na ambaye kesho pia atakuwa pale. Kusadikiwa si pambo juu ya kazi ya uganga. Ni sehemu ya dawa yenyewe, kwani dawa isiyomezwa haiponyi.

Tuseme pia jambo lililo chungu. Si wote waliosoma Malta walivumilia. Wengine walikufa mapema, wengine waliiacha kazi. Hatuwahukumu. Kijana mwenye elimu ile, anayelipwa kidogo, anayewekwa katikati, juu ya wenyeji kwa masomo na chini ya Wazungu kwa cheo, alikuwa na sababu nyingi za kukata tamaa. Wakati ule wakubwa wengi, hata ndani ya Kanisa, hawakuzoea kumwona Mwafrika kama mwenzao wa kazi. Elimu ya Atiman ilimpa haki ya heshima tangu siku ya kwanza, lakini heshima hiyo aliipata polepole, na kwanza aliipata kwa wadogo. Wagonjwa walimjua kuwa mganga hodari zamani sana kabla wakubwa hawajasema hivyo.

VII. Heshima zilizokuja nyuma

Wakati ulipofika, wakubwa nao walisema. Katika uzee wake alipewa nishani, za Kanisa na za nje ya Kanisa. Mwaka wa 1946 gazeti la wataalamu lililoitwa Tanganyika Notes and Records lilichapisha maisha yake kama alivyoyasimulia mwenyewe, na watu wa mbali wakasoma habari za mtoto wa Niger aliyekuwa mganga wa ziwani. Alikuwa na umri wa karibu miaka 80, na alikuwa amekwisha kufanya kazi zaidi ya miaka 55 mahali pamoja.

Tuangalie utaratibu wa mambo haya. Si nishani zilizowafanya watu wamsadiki. Watu walimsadiki, na kusadikiwa kule, kulikoendelea miaka nusu karne, kuliwalazimisha wakubwa kuleta nishani. Mara nyingi sisi tunataka kinyume: tupewe kwanza cheo, kisha ndipo tutatumika.

Adrien Atiman alifariki mwaka wa 1956, akiwa na umri wa karibu miaka 90. Aliwahi kuwapokea mikononi watoto, na watoto wa watoto wao, na hata vitukuu. Miaka michache tu baadaye inchi aliyoitumikia ilipata uhuru, mwaka wa 1961.

Jina lake halikuzikwa naye. Huko Sumbawanga iko hospitali ya Kanisa inayoitwa kwa jina lake. Huko Dar es Salaam Mapadri Weupe, ambao leo wanaitwa Wamisionari wa Afrika, waliipa nyumba yao jina la Atiman. Karema yenyewe leo ni ya jimbo la Mpanda, na bandari mpya imejengwa pale ili kurahisisha biashara kati ya Tanzania na Kongo. Msafiri wetu anayeshuka Karema na magunia yake akumbuke kwamba anakanyaga ardhi ya mtu mkubwa.

VIII. Fundisho kwetu siku ya yubile

Ndugu wapenzi, kwa nini tumeeleza maisha haya katika kitabu cha parokia yetu? Si kwa kujaza kurasa. Ni kwa sababu swali la Karema ni swali letu la kila siku.

Tunao wauguzi katika zahanati zetu, na wazalishaji, na waalimu wa shule, na wakatekista wa mitaa, na mafundi, na wanasheria vijana waliotoka universite. Wengi wao wanalalamika, na mara nyingi wana haki. Mshahara haufiki, au unafika nusu. Dawa hazipo. Cheo anapewa mwenye ndugu serikalini. Sisi wote tunajua kwamba mtumishi anastahili posho yake, na parokia inayomwacha muuguzi au mkatekista wake alale na njaa haina haki ya kumtaja Atiman katika hotuba. Tuseme hilo kwanza, wazi, mbele ya halmashauri yetu na mbele ya wageni wetu.

Lakini tuseme na la pili. Pamoja na taabu zile zile, muuguzi mmoja anasadikiwa na mwingine hasadikiwi, na watu wanajua sababu yake vizuri. Mmoja anamtazama mgonjwa, mwingine anatazama mkono wa mgonjwa kama umeshika franka. Mmoja anasema wazi kwamba ugonjwa huu unapita uwezo wake, na anamtuma mgonjwa hospitali kubwa kabla ya kuchelewa, mwingine anamshika mpaka anamfia ili asionekane kushindwa. Mmoja anatunza siri ya nyumba, mwingine anaipeleka sokoni. Mmoja yuko leo na kesho, mwingine anaonekana wakati wakubwa wanapotembelea. Hakuna shule inayotoa diploma ya mambo haya. Watahini ni wajane, mama wenye watoto, na wazee wasiojua kusoma, na mtihani wao hauna mwisho.

Na sisi tunaotumikiwa, je? Tunao wajibu pia. Watu wa Karema walimpokea mtu asiye wa kabila lao, wakampa mke, wakampa jina jema. Katika inchi yetu, ambapo miaka mingi ya vita imetufundisha kuuliza kabila la mtu kabla ya kuuliza jina lake, mfano huo unatuhukumu. Mganga, mwalimu au padri anapotumwa kwetu kutoka mbali, tusimpime kwa mahali alipozaliwa mamake. Tumpe nafasi ya kuonyesha kazi yake, tumpime kwa hiyo.

Parokia yetu inapoingia katika miaka mipya, tunaomba Mungu atupatie waganga wa namna ile, na waalimu wa namna ile, walei wenye elimu na imani pamoja, wasiokimbia. Tunaomba pia atupe macho ya kuwatambua wakiwa bado hai, ili tusingoje kaburi ndipo tuseme asante. Na wewe, Adrien Atiman, uliyevushwa jangwa ukiwa mtumwa na ukavuka bara ukiwa mtu huru, utukumbuke mbele ya Mungu, sisi jirani zako wa ng'ambo.